Tintin: mchoraji kafariki 1983, hadithi mpya hakuna, na bado anauza. Inakuaje?

Ngoja niweke kisa mezani kwanza halafu ndo tubishane. Machi 3, 1983 anafariki Brussels mzee mmoja wa miaka 75 anaitwa Georges Remi, ambaye dunia inamjua kwa jina la kazi, Hergé. Ndo yule baba yake Tintin wa vibonzo, kijana mwandishi wa habari mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe. Mezani kaacha hadithi ya 24 haijaisha, ni penseli tu, michoro ya harakaharaka na maneno yamefutwafutwa. Na kaacha msimamo ambao alishausema kwenye mahojiano bila kuuma maneno, kwamba Tintin ni yeye mwenyewe, akiondoka asije mtu mwingine kumwendeleza, hata kama huyo mtu ana mkono mzuri kuliko wake.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mjane wake, Fanny. Una studio nzima ya wachoraji wanaolipwa mshahara, una Bob de Moor ambaye kafanya kazi na marehemu zaidi ya miaka 30 na anaweza kumchora Tintin amefumba macho na anatamani kumalizia ile hadithi ya mwisho, una mchapishaji Casterman, una wasomaji dunia nzima wanasubiri. Ukisema ndiyo hela inaendelea kuingia. Fanny alifikiria, mwanzoni kidogo akaelekea kukubali, mwisho akasema hapana. Ile hadithi ikatolewa 1986 vilevile ilivyo, michoro ya penseli, inaishia Tintin anapelekwa kugeuzwa sanamu na hujui kama alipona. Studio ikafungwa. Basi, hakuna kingine. Ukihesabu kitabu cha mwisho alichokimaliza mwenyewe ni cha 1976, kwahiyo tunaenda nusu karne bila kitu kipya.

Angalia vibonzo wenzake vilivyofanya. Asterix alizaliwa 1959, mwandishi wake Goscinny akafa ghafla 1977, mchoraji Uderzo akaendelea peke yake, na huyo Uderzo naye aliwahi kusema mhusika atakufa nae lakini akabadili mawazo, 2013 ikatoka ya kwanza kwa mikono ya watu wengine kabisa na toka hapo kila baada ya miaka miwili kuna mpya, ile ya 2023 ilichapwa nakala milioni 5 kwa mpigo. Lucky Luke anaendelea baada ya mchoraji wake Morris kufa 2001. Blake na Mortimer wa Edgar P. Jacobs, ambaye alikuwa rafiki na msaidizi wa Hergé mwenyewe, walifufuliwa 1996. Mpaka Gaston, ambaye mchoraji wake Franquin alikufa 1997 na binti yake akapinga kisheria, karudi 2023 kwa mkono wa mchoraji mwingine. Ukiangalia soko la vibonzo vya Ufaransa na Ubelgiji, kanuni ni moja tu, ng'ombe wa maziwa hachinjwi. Tintin ndo wa pekee kati ya wale wakubwa ambaye mlango ulifungwa na funguo ikatupwa.

Na hakufa! Hapo ndo kisa kinapokuwa kitamu. 1991 hadi 1992 ikatoka ile series ya TV iliyozunguka dunia nzima. 2009 ikafunguliwa makumbusho yake Louvain-la-Neuve. 2011 Spielberg akatoa sinema iliyokusanya zaidi ya dola milioni 370 (na ina stori yake ndani, Spielberg alikuwa ameshawasiliana na mzee 1983, walikuwa wanapanga kuonana, mzee akafariki kabla). 2015 shirika la ndege la Brussels Airlines likapaka Airbus nzima ifanane na ile nyambizi ya papa ya kwenye vitabu vyake. Januari 2021 kuna mchoro mmoja, jalada ambalo Hergé alilichora 1936 na halikutumika, uliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya yuro milioni 3. Vitabu vyenyewe vinatajwa kupita nakala milioni 200. Aliyezaliwa Januari 10, 1929 kwenye kurasa za watoto za gazeti la Kikatoliki sa hivi anakaribia miaka 100 na hana hata ukurasa mmoja mpya.

Sababu ambayo utaisikia kila mahali ni ule uchoraji. Mstari mmoja, unene uleule, hakuna vivuli, rangi imelala, kila kitu kinaonekana, Mholanzi Joost Swarte akaupa jina 1977, mstari safi. Sikatai. Mtoto ambaye hajui kusoma vizuri anaifuata hadithi bila shida, na wakati huohuo gari ni gari kweli la mwaka ule na meli ni meli kweli. Lakini wachoraji wa mstari safi walikuwa wengi sana na wengi wao leo unaulizia duka zima hakuna anayewajua. Kwahiyo hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo.

Mimi naona jibu kubwa ni hili: vile vitabu unavyodhani ni vya miaka ya 30 siyo vya miaka ya 30. Hergé alivirudia. Yani alivichora upya, alikata, akabadilisha, akasafisha, akiwa hai, kwa miaka zaidi ya 30, na hicho ndo kitu ambacho mashabiki wanapenda kukisahau wakianza kusema kazi nzuri haizeeki. Inazeeka bwana, ila huyu alikuwa anaipaka rangi kila ikichubuka.

Ilianza na vita. Wajerumani wako Ubelgiji, karatasi hamna, Casterman anamwambia mzee hizi hadithi za kurasa zaidi ya 100 nyeusi na nyeupe haziwezekani tena, tupunguze ziwe 62, ila tutie rangi. Kuanzia 1942 ndo hivyo. Maana yake zile za zamani karibu zote ikabidi zikarabatiwe ziingie kwenye hizo kurasa 62, moja baada ya nyingine, viboksi vinapangwa upya, maneno yanapunguzwa, mandhari yanachorwa vizuri zaidi maana sasa ana wasaidizi kama huyo Jacobs. Matokeo yake bila hata kupanga, rafu nzima ikawa na sura moja. Mtoto akiokota chochote, cha 1932 au cha 1960, anaona dunia ileile, ubora uleule, unene uleule. Huhitaji kuanza cha kwanza. Hiyo kwa biashara ya vitabu vya watoto ni dhahabu, maana mzazi hanunui mfululizo, ananunua kimoja cha zawadi, na kimoja kinaita kingine.

Halafu kuna ile ya Uskochi, Kisiwa Cheusi, huu ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Ilitoka mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 30, ikarudiwa kwa rangi 1943. Miaka ya 60 mchapishaji wa Uingereza, Methuen, anataka kuitoa kwa Kiingereza, akakaa akaorodhesha makosa 131 kuhusu Uingereza, mengine madogomadogo kabisa. Mtu mwingine angesema hebu achaneni na mimi, kitabu kimeuza miaka yote hiyo. Hergé akamtuma Bob de Moor aende Uingereza achore treni, sare za polisi, majengo, na kitabu kizima kikachorwa upya, toleo la 1966. Ya tatu hiyo. Ile ya dhahabu nyeusi nayo ina historia yake, mwanzoni ilikuwa imesimama Palestina ya utawala wa Waingereza, na wanajeshi wao na wapiganaji wa Kiyahudi humo ndani, toleo la 1971 vyote vikaondolewa ikabaki nchi ya kubuni. Ile ya kimondo ya 1942 ilikuwa na tajiri mbaya mwenye jina la Kiyahudi, anatoka Marekani, na kumbuka imechapwa kwenye gazeti la Le Soir lililokuwa chini ya Wajerumani, kitu ambacho kilimfanya akamatwe mara kadhaa baada ya vita na kufungiwa kuandika magazetini kwa muda. Baadaye jina likabadilishwa, nchi ikabadilishwa. Ile pua kubwa ya kumdhihaki Myahudi hakuibadilisha.

Kwahiyo kulikuwa na kusafisha kwa aina mbili, na msomaji mkali lazima azitenganishe. Kuna kusafisha kwa fundi anayetaka treni iwe treni, na kuna kusafisha kwa mtu anayefuta nyayo. Zote mbili zilisaidia vitabu kuishi. Sijui kama zote mbili zinastahili pongezi.

Na kabla sijafika Kongo niseme kidogo kuhusu Tintin mwenyewe, maana watu wanasema amedumu kwa sababu anapendwa. Hapendwi hata! Tintin hana utamu wowote, hana umri, hana wazazi, hana mpenzi, hana mshahara, mwandishi wa habari ambaye ukiondoa ile safari ya kwanza ya Urusi karibu humwoni akiandika habari. Uso wake ni duara, nukta mbili na kishungi. Na ndo maana anafanya kazi, msomaji yeyote anaingia humo na kukaa. Ila ladha inatoka pembeni. Kapteni Haddock hakuwepo kabisa mpaka wakati wa vita, profesa kiziwi naye akaja 1943, na kuanzia hapo ndo vitabu vinaanza kupendwa kwa maana ya kupendwa. Haddock ni mlevi, ana hasira, anatukana kurasa nzima bila tusi hata moja la kweli, mzee alikuwa anamkusanyia maneno magumu ya kamusi na kumfanya ayarushe kama mawe. Watoto wanakariri. Wazazi hawana cha kulalamika. Akili kubwa hiyo.

Sasa Kongo. Hapa hatuwezi kupita haraka, hasa sisi.

Hadithi ya pili kabisa, 1930 hadi 1931. Bosi wa gazeti, padri Norbert Wallez, alitaka watoto wa Kibelgiji waipende koloni, wakikua waende kufanya kazi huko. Hergé alikuwa na miaka 23, hajawahi kutia mguu Kongo, na hakuwahi mpaka anakufa. Alichokuwa nacho ni makumbusho ya Tervuren pale nje ya Brussels na stori za watu wa kwao. Yule mtu-chui anayevizia kwenye kitabu katoka kwenye sanamu iliyokuwa Tervuren, sanamu ipo mpaka leo, makumbusho yalipofunguliwa upya Desemba 2018 ikawekwa kwenye chumba cha sanamu zilizoondolewa kwenye maonyesho ya kawaida. Weusi kwenye kitabu ni midomo na macho tu, wanaongea Kifaransa cha kuvunjikavunjika, kazi kidogo wamechoka, mwisho wanamwabudu kijana na mbwa wake. Wanyama ndo usiseme, kuna kifaru analipuliwa kwa baruti.

Toleo la 1946 likasafishwa. Kwenye lile la mwanzo Tintin anaingia darasani anawaambia watoto wa Kongo leo nitawafundisha kuhusu nchi yenu, Ubelgiji. Kwenye la 1946 imekuwa somo la hesabu. Miaka ya 70 wachapishaji wa Skandinavia wakalalamika kuhusu kifaru, akamchorea ukurasa mpya kifaru akaponea. Sasa tafakari, kifaru aliponea, Mkongo midomo ileile. Mzee mwenyewe baadaye alikiri kwamba alikuwa amejaa fikra za mazingira aliyokulia, na ni kweli kwamba miaka michache tu mbele, 1934, alipokutana na mwanafunzi wa Kichina Zhang Chongren na wakaandaa pamoja hadithi ya China, alianza kufanya utafiti kwelikweli. Lakini kile kitabu alikiacha dukani.

Na hapa kuna kitu wengi huku kwetu hatukijui. Sisi tuliosoma Tintin kwa Kiingereza, Nairobi, Dar, Kampala, vile vitabu vya maktaba ya shule vilivyochanika jalada, hatukuwahi kukutana na hiyo hadithi. Wachapishaji wa Kiingereza waliikwepa miaka yote, nyeusi na nyeupe ikatoka 1991, ya rangi 2005, tena ikiwa na utepe wa onyo. Kwahiyo kwetu Tintin alikuwa kijana wa mwezini, wa Tibet, wa hazina ya maharamia. Ndugu zetu wa Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, Kigali waliosoma kwa Kifaransa, kitabu cha Kongo kwao kilikuwa kwenye rafu moja na vingine tangu utotoni. Ni wasomaji wa mhusika mmoja ila siyo wa Tintin mmoja. Ukimwona jamaa wa Kenya anasema Tintin hana shida yoyote na wa Kongo anacheka kicheko kingine kabisa, ujue chanzo ni hicho.

2007 mwanafunzi Mkongo anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, akaenda mahakamani Brussels, kitabu kizuiwe au angalau kiwekewe onyo kama lile la Waingereza. Februari 2012 akashindwa, mahakama ikasema kwa enzi ile huwezi kuthibitisha mwandishi alikusudia kuchochea ubaguzi, Desemba mwaka huohuo rufaa ikatupwa. Kisheria sawa. Lakini ombi dogo la onyo, kipande cha karatasi tu, kulikataa miaka mitano mahakamani ilikuwa ukaidi. Na 2023 toleo jipya la rangi la ule mchoro wa mwanzo likatoka na utangulizi wa kueleza mazingira yake. Walichokuwa wanakikataa wamekifanya wenyewe, kimyakimya.

Kuna upande mwingine ambao Wazungu wanaoandika kuhusu hii kesi hawajui waufanyie nini: Kinshasa mafundi wanachonga Tintin kwa mbao, wanachora lile jalada la kitabu cha Kongo lenye gari kwenye ubao, wanawauzia wasafiri, na wala hawajamwomba mtu ruhusa. Wengine wanalichukulia hilo kama ushahidi kwamba Wakongo hawana tatizo na kitabu. Taratibu jamani. Mtu kuuza kinyago siyo kutoa cheti cha usafi. Jarida lililoitwa Zaïre huko 1969 lilishaeleza vizuri zaidi, kwamba Mkongo akikisoma anacheka, ila anamcheka mzungu aliyekuwa anawaona hivyo. Na Kinshasa hawakukaa wanasubiri, gazeti la vibonzo la Jeunes pour Jeunes lilianza 1968, kwa lugha ya mtaani kwao, na wahusika wao.

Turudi kwenye ile hapana ya Fanny. Kufunga mlango kulifanya kazi mbili ambazo sidhani mtu alizikadiria 1983. Kwanza kuliondoa hatari ya kitabu kibovu, na Asterix ana vibovu, hata mashabiki wake wanajua. Pili kuligeuza vitabu 24 kuwa orodha inayokamilika, mtu anaweza kuwa navyo vyote, akamaliza, akampa mwanae. Gharama yake ni ulinzi. Kampuni ya warithi, iliyoitwa Moulinsart kwa miaka mingi na sasa Tintinimaginatio, inajulikana kwa ukali, inabana hadi vijarida vya vilabu vya mashabiki, na 2015 ukali huo uliwarudia, mahakama ya The Hague ilionyeshwa karatasi ya 1942 ambayo Hergé alimpa Casterman haki za vitabu, kumbe kile walichokuwa wanakidai kwa hao mashabiki wa Uholanzi hakikuwa chao. Nilicheka sana.

Tatizo langu na ulinzi wa hivyo ni watoto. Sanamu ghali, minada, saa, fulana, vyote hivyo ni vya watu wazima wanaokumbuka. Kauli mbiu ya jarida la vibonzo lililoitwa Tintin ilikuwa vijana wa miaka 7 mpaka 77, na ukiingia kwenye duka lao leo hao wa 7 ni wachache kuliko hao wa 77.

Kuhusu haki za kunakili, Ulaya Tintin atakuwa mali ya umma, yani wa bure kwa yeyote, Januari 1, 2054. Marekani wanahesabu tofauti, kule toleo la 1929 lilishaachiwa Januari 1, 2025, siku moja na Popeye, yule baharia wa vibonzo, na Popeye walishamgeuza muuaji wa sinema za kutisha hata kabla wino haujakauka. Watu wakaogopa Tintin atafuata. Lakini angalia kilichoachiwa ni nini: kijana wa safari ya Urusi, mweusi na mweupe, mchoro bado wa kubahatisha, hana Haddock, hana profesa, hana ngome wala roketi, kitabu ambacho Hergé mwenyewe alikionea aibu na ndo pekee kati ya vya zamani ambacho hakukikarabati. Haddock kule Marekani bado ana zaidi ya miaka 10 kifungoni. Anayetaka Tintin wa bure anampata yule ambaye hata wapenzi wa Tintin hawamsomi kwa hiari.